Dominika kwa Bei ya Kava Mbili za Simu

Tafakari ya Dominika ya 25 ya Mwaka C wa Kanisa
Masomo: Am 8:4-7, 1 Tim 2:1-8, Lk 16:1-13

Wapendwa taifa la Mungu, Nabii Amosi tunayemsikia katika somo la kwanza la Dominika hii hakuwa mtu wa kubembeleza. Alikuwa mchungaji wa mifugo na mtunza mikuyu kutoka Tekoa, akatumwa kunena katika ufalme wa kaskazini zamani za mfalme Yeroboamu wa Pili, karne ya 8 kabla ya Kristo, nchi ilipokuwa imeneemeka na matajiri wake wamejisahau. Anawashutumu wafanyabiashara walioihesabu Sabato kuwa hasara. Siku ya Bwana walikaa nyumbani kwa sababu desturi iliwabana, lakini mioyo yao ilikuwa sokoni, wakiulizana itakwisha lini wapate kufungua maghala yao. Kipimo walikipunguza, bei wakaipandisha, mizani wakaichezea, na mwisho wakafika mahali pa kumnunua mhitaji kwa thamani ya jozi ya viatu.

Somo hili linapaswa kutuuma sisi kuliko lilivyowauma wao. Wafanyabiashara wale, pamoja na uovu wao wote, walingoja Sabato ipite. Wa siku zetu hawangoji.

Dominika hii tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya kioski. Hatusemi juu ya kile kibanda cha mtaani, ambacho mwenyewe akitaka kwenda kusali hukifunga kwa kufuli na kurudi saa sita mchana bila kumwomba mtu ruhusa. Tunasema juu ya kioski kilichomo ndani ya jumba kubwa la maduka, lile ambalo watu wa mjini huliita moli. Majumba hayo yameongezeka katika miji yetu tangu Mlimani City ilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 2006, na Nairobi wao wameyazoea tangu Sarit Centre ya mwaka 1983. Hatulishtaki jumba lolote kwa jina, maana tunayoyasema hayahusu jengo moja. Yanahusu desturi iliyokwisha kuota mizizi.

Kioski hicho hakina ukuta wala mlango. Kimesimama katikati ya njia ambayo watu hupita wakitoka duka la vyakula kuelekea kwenye ngazi za umeme. Ukubwa wake ni mita nne za mraba, pengine sita. Humo zimepangwa kava za simu, chaja, miwani ya jua, manukato ya chupa ndogo, hereni na saa za mkononi. Usiku hufunikwa kwa turubai na kufungwa kamba. Anayesimama ndani yake, mara nyingi, ni binti wa miaka ishirini na kitu, amemaliza kidato cha nne au cha sita, amevaa nadhifu kwa sababu jumba linataka hivyo, na anatabasamu kwa sababu mwajiri wake anataka hivyo. Waamini humpita baada ya Misa ya pili, wakiwa na watoto wao waliovaa nguo za kanisani, wanakwenda kula aiskrimu. Wengine husimama, hununua, na kumtakia Dominika njema. Je, nani amewahi kumwuliza Dominika yake iko wapi?

Ili tusiseme kwa hasira pasipo maarifa, tutazame kwanza jinsi kioski kinavyoendeshwa.

Mwenye kioski si lazima awe tajiri. Aghalabu ni mtumishi wa ofisini aliyekopa katika SACCOS, au mama aliyeuza kiwanja chake apate mtaji. Hulipa amana ya miezi kadhaa kabla hajauza hata kitu kimoja. Hulipa pango, na juu ya pango hulipa gharama za huduma, yaani ulinzi, usafi, taa na kiyoyozi. Sharti awe na leseni ya biashara, namba ya mlipakodi na mashine ya kutolea risiti. Kwa kila mita ya mraba, kioski kidogo kwa kawaida hulipa zaidi kuliko duka kubwa lililo mwisho wa ukumbi, kwa kuwa duka kubwa ndilo linaloleta watu, na mwenye jumba hulibembeleza kwa pango nafuu. Kwa miaka mingi pango za namna hii zilitajwa kwa dola za Marekani. Shilingi ikishuka thamani, mpangaji aliamka asubuhi akiwa na deni kubwa kuliko la jana ilhali mauzo yake ni yaleyale. Ni mwezi Machi 2025 ndipo kanuni za serikali ya Tanzania zilipokataza kutaja bei na kufanya malipo kwa fedha za kigeni humu nchini.

Tena kioski hakina wateja wake chenyewe. Kinaishi kwa wapita njia ambao duka kubwa limewaleta. Mwaka 2014 Shoprite ya Afrika Kusini iliyauza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt ya Kenya. Mwaka 2015 Uchumi ilifunga maduka yake ya Tanzania na Uganda. Mwaka 2018 Nakumatt yenyewe iliwekwa chini ya msimamizi kwa amri ya mahakama, na mwaka 2022 Game iliondoka Afrika Mashariki. Habari za makampuni hayo tulizisoma magazetini kwa kirefu. Ni wachache walioandika juu ya vioski vilivyokuwa mbele ya milango yao. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Basi, mwenye kioski naye ni mtu mwenye hofu, na hofu yake tunaielewa. Ndiyo maana hatutaki kumtupia yeye peke yake lawama. Lakini tazameni jinsi mzigo unavyoshuka. Mikataba ya majumba haya huwa na kifungu cha saa za biashara: jumba likiwa wazi, kioski nacho sharti kiwe wazi, siku saba za wiki, na afungaye bila ruhusa huandikiwa barua ya onyo au hutozwa faini. Mwenye jumba ana deni benki, anamshushia mpangaji. Mpangaji ana mkopo, anamshushia muuzaji. Muuzaji hana wa kumshushia. Anaubeba mzigo huo kwa miguu yake tangu saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku, na siku ya saba, ambayo Mungu mwenyewe alipumzika, anaubeba tena.

Hesabu ya saa zake si ngumu. Saa 12 kwa siku, mara siku 7, ni saa 84 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, Na. 6 ya mwaka 2004, imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na siku 6 za kazi. Saa za ziada zinaruhusiwa kwa makubaliano, nazo hazipaswi kuzidi 50 katika mzunguko wa wiki nne. Hata ukizigawa hizo zote na kuzijumlisha, hufiki saa 58 kwa wiki. Zile saa 26 zinazobaki ni za nani? Hazimo katika sheria. Zimeibwa, na amri ya saba ya Mungu haikusema kwamba wizi wa saa si wizi.

Sheria hiyohiyo inampa kila mfanyakazi mapumziko ya saa 24 mfululizo katika wiki. Akikubali kufanya kazi katika saa hizo za mapumziko, alipwe mara mbili. Kule Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nayo inaagiza siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba wake Na. 106 wa mwaka 1957 juu ya mapumziko ya wiki katika biashara na ofisi, lilikwenda mbele zaidi. Lilisema kwamba kila inapowezekana mapumziko hayo yaangukie siku ambayo mila na desturi za mahali zimeitenga kwa kupumzika, na desturi za dini zenye waumini wachache nazo ziheshimiwe. Hayo si maneno ya mapadre. Ni maneno ya wanasheria, waajiri na wafanyakazi waliokaa mezani pamoja.

Sasa atasimama mwenye kioski na kutuambia: "Baba Paroko, wewe unajua altare, hujui biashara. Nikimpumzisha nitafilisika." Haya, tufanye hesabu, maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfano wa kukadiria tu, kila mmoja ataweka tarakimu zake. Tuseme pango ni shilingi 850,000 kwa mwezi, gharama za huduma 150,000, umeme na mengineyo 40,000, na mshahara wa muuzaji 260,000. Jumla ni shilingi 1,300,000. Tuseme pia kila kava ya simu inayouzwa inaacha faida ya shilingi 5,000. Basi, kioski kinahitaji kuuza kava 260 kwa mwezi kabla mwenyewe hajaonja kitu.

Tuseme sasa anamtafuta muuzaji wa pili wa kushika zamu siku nne tu za mwezi, na kumlipa ujira uleule wa siku, yaani shilingi 10,000. Gharama inayoongezeka ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Ni faida ya kava nane. Ni kava mbili kwa kila juma.

Hapo ndipo Amosi anaporudi. Nabii alisema maskini alinunuliwa kwa jozi ya viatu. Leo siku ya mapumziko ya binti huyu, pamoja na Misa yake, usingizi wake, mama yake mgonjwa na mtoto wake aliyemwacha kwa jirani, imenunuliwa kwa kava mbili za simu. Wala haikununuliwa kwa bei halali. Mwajiri ambaye angetaka kuitii sheria na kumlipa mara mbili kwa siku yake ya mapumziko angelazimika kumpa shilingi 20,000, yaani kava nne. Anayeishika sheria atagundua kwamba kumpumzisha mtu ni nafuu kuliko kumchosha. Kumchosha kunakuwa rahisi pale tu anapochoshwa bure.

Zipo hoja nyingine tunazozisikia, na si vema kuzipita kimya.

Hoja ya kwanza husema: "Ipo Misa ya saa kumi na mbili asubuhi. Aende huko, kisha awahi kazini." Ni kweli, na wapo mabinti wanaofanya hivyo, na machozi yao wakati wa komunyo Mungu anayaona. Lakini Kanuni ya 1247 ya Sheria za Kanisa ina sehemu mbili, wala si moja. Inatudai kushiriki Misa, na inatudai kuacha kazi na shughuli zinazozuia ibada, furaha ya siku ya Bwana, na mapumziko ya roho na mwili. Mtu aliyefika nyumbani saa tano usiku wa Jumamosi, akaamka saa kumi alfajiri kuwahi Misa, na kusimama kioskini hadi usiku, ametimiza nusu ya amri kwa gharama ya nusu nyingine. Misa ya Jumamosi jioni nayo haimfai, kwa kuwa saa hiyo ndiyo saa ya mauzo.

Hoja ya pili husema: "Mbona manesi, madereva wa daladala na mama lishe wanafanya kazi Jumapili?" Kanisa halijawahi kuwa kipofu juu ya hilo. Katekisimu inatambua kazi ambazo mahitaji ya familia na manufaa makubwa ya jamii yanazidai. Hata Kaisari Konstantino, alipotangaza mwaka 321 kwamba mahakama na karakana za mjini zipumzike siku ya jua, aliwaruhusu wakulima washike majembe, kwa sababu mvua haingoji. Mgonjwa hangoji, na msafiri mwenye njaa hangoji. Lakini ni nani aliyewahi kufa Jumapili kwa kukosa kava ya simu?

Hoja ya tatu husema: "Nchi hii ina Waislamu na Wasabato pia. Mnataka kuwalazimisha kushika Dominika?" Hatutaki. Tunataka binti wa Kiislamu anayesimama katika kioski cha jirani apate naye siku yake ya kupumzika na nafasi ya kusali, na Msabato apate Jumamosi yake. Palipo na wauzaji wa imani mbalimbali, zamu ni rahisi kupangwa kuliko palipo na wa imani moja. Anayetumia jina la majirani zetu ili kumnyima kila mtu mapumziko hawapendi majirani hao. Anapenda fedha.

Hoja ya nne ndiyo nzito kuliko zote: "Huyo muuzaji wa pili mnayesema aajiriwe, je, Dominika yake yeye iko wapi?" Swali hili ni la haki. Jibu letu ni kwamba wapeane zamu, ili kila mmoja awe na siku moja kamili ya kupumzika kila juma, na Dominika mbili kamili kila mwezi, na mwenye kioski mwenyewe ashike zamu pia. Nchini Poland, sheria iliyoanza kutumika Machi 2018 ilizuia biashara nyingi za rejareja siku za Jumapili, ikaacha mlango mmoja wazi: mwenye duka anayetaka kufungua anaweza kusimama mwenyewe kaunta. Hekima iliyomo humo ni kubwa. Jumapili yako ukitaka kuiuza, uza. Ya mwenzako usiiguse. Hata hivyo tunakiri kwamba zamu si utimilifu. Utimilifu utakuja siku ambayo wanunuzi watapungua, na hapo neno linatugeukia sisi tulioketi kanisani.

Maana ni nani anayeifanya Dominika kuwa siku ya mauzo makubwa? Wapagani? Jumba halifunguliwi kwa ajili ya viti vitupu. Linafunguliwa kwa ajili ya kundi linalotoka kanisani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2187, inamwonya kila Mkristo asiwadai wengine bila sababu kazi itakayowazuia kuishika siku ya Bwana. Onyo hilo halikuandikwa kwa wenye viwanda peke yao. Limeandikwa kwa mama anayetaka hereni, kwa kijana anayetaka chaja, kwa baba anayesema hana siku nyingine. Ana Jumamosi. Ana jioni ya Jumanne. Chaja ni ileile na bei ni ileile.

Tukumbuke pia kwamba amri ya Sabato, kama inavyosimuliwa katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5, ilitolewa kwa watu waliotoka utumwani. Mungu anaagiza apumzike bwana, na pamoja naye mtumwa wake na mjakazi wake, na hata ng'ombe na punda wake. Sababu anayoitoa ni kwamba Waisraeli wenyewe waliwahi kuwa watumwa katika nchi ya Misri. Kwa maneno mengine, Sabato ni alama ya mtu huru. Anayeshika Dominika yake huku akimnyima mtumishi wake ameishika alama ya uhuru kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto amegeuka Farao.

Mafundisho haya si mapya. Papa Leo wa Kumi na Tatu, katika waraka wake Rerum Novarum wa tarehe 15 Mei 1891, aliitaja haki ya mfanyakazi kupumzika siku ya Bwana pamoja na haki ya ujira unaotosha, na akafundisha kwamba hakuna mwenye ruhusa ya kuiuza roho ya mwenzake katika mkataba. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliandika barua nzima juu ya Dominika, Dies Domini, ya mwaka 1998. Naye Papa Leo wa Kumi na Nne, aliyechaguliwa tarehe 8 Mei 2025, aliwaeleza makardinali kwamba amechukua jina hilo hasa kwa kumkumbuka yule wa Rerum Novarum. Jina la Baba Mtakatifu tunalolitaja katika kila Misa linatukumbusha mfanyakazi. Je, tunalitaja tu, au tunalisikia?

Na sisi Waafrika tuna sababu ya pekee. Mwaka 304, katika Afrika ya Kaskazini ya zamani za Warumi, mahali palipoitwa Abitene, katika nchi tunayoiita leo Tunisia, Wakristo 49 walikamatwa kwa kosa la kukusanyika siku ya Bwana, kinyume cha amri ya Kaisari Diokletiano. Walipoulizwa kwa nini wamethubutu, walijibu kwamba pasipo adhimisho la Dominika hawawezi kuishi. Waliuawa kwa ajili ya siku ambayo sisi tunaiachia kwa kifungu cha mkataba wa pango.

Kwa hiyo tunasema wazi.

Kwa wenye majumba na mameneja wao, ambao baadhi yao husali nasi: ondoeni faini kwa mpangaji anayefunga kwa ajili ya ibada. Kama hamwezi kufunga jumba, fungueni saa nane mchana siku za Jumapili. Kitakachopungua katika mapato yenu hakiwezi kulinganishwa na kitakachoongezeka katika nyumba za watu.

Kwa wenye vioski: msiende mmoja mmoja kwa meneja, maana mmoja huonywa. Nendeni pamoja, wapangaji wote, na ombi lenu likiwa kwenye karatasi. Wapeni wauzaji wenu mkataba wa maandishi, siku ya kupumzika iliyotajwa kwa jina, na kiti. Ndiyo, kiti. Kumsimamisha mtu saa kumi na mbili ili tu aonekane mchangamfu mbele ya wateja ni ukatili, hata kama kioski kimepambwa kwa taa.

Kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo: yupo binti ambaye jina lake limepigwa mstari mwekundu katika daftari la mahudhurio. Akija kuomba mwanawe abatizwe, anaambiwa hafahamiki. Kabla ya kumkatalia barua, mwulizeni anafanya kazi wapi na anatoka saa ngapi. Si haki aliyenyimwa Dominika na tajiri yake anyimwe tena sakramenti na ndugu zake. Ikibidi, Jumuiya imtembelee usiku. Bwana wetu alimpokea Nikodemo usiku.

Kwa taasisi za Kanisa zenye fremu za maduka kando ya ukuta wa parokia, shule au hospitali: mkataba wa fremu zetu uwe wa kwanza kuwa na kifungu kinachomlinda muuzaji. Hatuwezi kuwahubiria wenye majumba kile ambacho wapangaji wetu hawakioni kwenye karatasi yetu.

Na kwa kila mwamini: Dominika ijayo, ukitoka kanisani, nenda nyumbani. Mtembelee mgonjwa. Kula na watoto wako. Kilichokuwa kikuite kioskini kitakungoja Jumatatu, na atakayekuuzia atakuwa amepumzika.

Katika Injili tumemsikia wakili aliyeitwa na bwana wake ili atoe hesabu ya kazi yake. Yesu hakuusifu udanganyifu wake. Aliisifu akili yake, kwa kuwa alitambua mapema kwamba daftari litafungwa, akautumia muda uliobaki kujipatia marafiki. Kila mwenye kioski analijua daftari, na anajua mwisho wa mwezi huja. Siku ya kutoa hesabu ya mwisho hatutaulizwa tumeuza kava ngapi. Tutamkuta pale binti yule, naye ataulizwa kama alipata kupumzika. Heri yetu kama wakati huo atakuwa rafiki yetu, mwenye neno jema la kusema juu yetu.

Tumwombe Bikira Maria, mama wa nyumba ya fundi seremala wa Nazareti, aliyeijua kazi na kuijua Sabato, awaombee wauzaji wote waliosimama saa hii.

Tunawatakieni Dominika njema. Tumsifu Yesu Kristo!